Nusu Saa ya Kwanza Ni Yako: Namna ya Kuiandaa Nyumba na Biashara ya Mjini kwa Dharura

Alfajiri ya tarehe 17 Januari 1995, saa 11:46, ardhi ilitikisika chini ya mji wa Kobe, Japani, kwa takriban sekunde 20. Zaidi ya watu 6,000 walifariki. Wengi wa waliofukuliwa wakiwa hai kutoka kwenye vifusi waliokolewa na ndugu na majirani zao, waliotumia mikono mitupu na chochote kilichokuwa karibu. Si kwamba waokoaji walizembea. Barabara zilikuwa zimeziba, laini za simu zimeelemewa, mabomba ya maji yamepasuka, na waliohitaji msaada walikuwa maelfu kwa mpigo mmoja.

Nimeanza na Kobe kwa sababu maandalizi mengi ya dharura mjini hupangwa kana kwamba gari la zimamoto litafika papo hapo. Linaweza kufika. Lakini dakika za mwanzo huwa mikononi mwa waliopo: wewe, uliolala nao nyumba moja, na jirani wa mlango wa pili. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata saa. Kwanza nusu saa ya kwanza, halafu siku tatu za mwanzo, kisha biashara, ambayo ina mambo yake.

Hatua ya 1: Zijue hatari za pale ulipo

Usijiandae kwa kila balaa lililopo duniani. Tembea mtaani kwako kwa dakika kumi na tano, uangalie kwa jicho la mgeni. Maji ya mvua huelekea wapi? Mfereji umeziba? Nyumba iko bondeni au chini ya mteremko unaoweza kuporomoka? Kuna ghala la mafuta au kemikali karibu? Gari la zimamoto linaweza kupita kwenye njia inayofika kwenu? Waulize wakazi wa siku nyingi maji yalifika wapi mara ya mwisho. Wao hukumbuka mpaka alama ya ukutani.

Ukimaliza, andika hatari mbili au tatu tu. Moto uwe mmojawapo, popote unapoishi.

Hatua ya 2: Tafuta mlango wa pili

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wengi hupotelea.

Tarehe 20 Februari 2003, fataki za jukwaani ziliwasha moto katika ukumbi wa starehe wa West Warwick, jimbo la Rhode Island, Marekani. Watu 100 walipoteza maisha. Milango ilikuwa zaidi ya mmoja, lakini wengi walikimbilia ule waliouingilia, wakabanana hapo. Mtu mwenye hofu hufuata njia anayoijua. Dawa yake ni kuijua njia nyingine kabla hofu haijaja.

Nyumbani, kila chumba kitafutiwe njia mbili za kutokea, mlango na dirisha, au mlango na roshani. Madirisha yakiwa na nondo, angalau moja liwe na sehemu inayofunguka kwa ndani. Mlango ukiwa na geti la kufuli, ufunguo ukae sehemu moja, usiku na mchana, karibu na mlango lakini mbali na mkono wa mtu aliye nje. Mtoto anayeweza kufungua kufuli aonyeshwe ulipo. Ufunguo wa geti kukaa kwenye mfuko wa suruali ya baba ni jambo dogo mpaka usiku wa moto.

Kama mnaishi ghorofani, shuka kwa ngazi za dharura mpaka chini, angalau mara moja. Utagundua mengi: taa zisizowaka, mlango uliofungwa kwa mnyororo, magunia ya mtu yaliyowekwa njiani. Hesabu milango kutoka kwako mpaka ngazini, kwa sababu kwenye moshi hutaona kitu na itakubidi upapase. Lifti usiiguse wakati wa moto wala tetemeko.

Moshi huua kabla moto haujafika. Moshi ukiingia chumbani, inama, maana hewa iliyo afadhali hubaki chini. Kabla hujafungua mlango uliofungwa, uguse kwa mgongo wa mkono. Ukiwa wa moto, usiufungue. Kama huwezi kutoka, funga milango iliyo kati yako na moto, ziba upenyo wa chini kwa nguo iliyoloweshwa, nenda dirishani, pungia kitambaa au mulika tochi, na upige simu useme uko ghorofa ya ngapi na chumba kipi. Ukifanikiwa kutoka, funga mlango nyuma yako. Mlango uliofungwa huuchelewesha moto na moshi.

Mwisho wa hatua hii, chagueni mahali pa kukutania nje, mbali na jengo na pasipozuia magari ya zimamoto. Bila mahali hapo, mzazi hurudi ndani kumtafuta mtoto ambaye tayari yuko barabarani.

Hatua ya 3: Jifunze kuzima umeme, gesi na maji

Kila mtu mzima wa nyumba ajue swichi kuu ya umeme iko wapi, valvu ya gesi hufungwaje na maji hukatiwa wapi. Bandika karatasi yenye maandishi makubwa kwenye kila kimoja.

Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe wala kuzima taa, usiwashe kiberiti, na usipige simu ukiwa ndani. Cheche ya swichi inatosha. Funga valvu kama inafikika, fungua madirisha na milango, mtoke, ndipo mpige simu. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa: hushuka na kutanda sakafuni, ikajificha kwenye mitaro na vyumba vya chini. Gesi asilia ya mabomba ni nyepesi, yenyewe hupanda darini. Ndiyo maana mtungi haufai kukaa kwenye chumba cha chini ya ardhi, hata kama ndicho chenye nafasi.

Mafuta yakishika moto kwenye kikaango, zima jiko, funika kwa mfuniko, uache mpaka yapoe. Kamwe usimwagie maji, kwani hugeuka mvuke ghafla na kurusha mafuta yanayowaka jikoni kote. Moto wa umeme nao hauzimwi kwa maji.

Mtungi wa kuzimia moto nunua, lakini jifunze kuutumia kabla ya siku yenyewe. Vuta pini, lenga shina la moto na si ndimi zake, bana mkono wa mtungi, kisha pitisha huku na huku. Mtungi mdogo huisha kwa sekunde chache, kwa hiyo ni wa moto mchanga tu, na unautumia mgongo wako ukiwa umeelekea mlangoni. Moto ukikushinda, toka. Angalia geji kila mwezi, mshale uwe kwenye kijani.

Hatua ya 4: Wapange watu, si vitu

Andika namba za simu kwenye karatasi. Watu wengi leo hawajui kwa kichwa hata namba ya mume au mke wao, na simu ikizima chaji wanabaki yatima. Weka nakala kwenye pochi, nyingine kwenye begi la mtoto wa shule, nyingine nyuma ya mlango. Pale nyuma ya mlango ongeza namba ya dharura ya nchi yako (112 hufanya kazi kwenye simu za mkononi katika nchi nyingi) pamoja na maelezo ya kufika kwenu, yaani jina la barabara, jengo na alama inayojulikana. Ukipiga, taja mahali kwanza. Simu ikikatika, angalau watajua pa kuja.

Chagueni ndugu au rafiki mmoja anayeishi mji mwingine. Baada ya janga, kupiga simu ndani ya mji ulioathirika mara nyingi hushindikana, ilhali ujumbe mfupi wa maandishi hupenya. Kila mmoja amtumie huyo wa mbali neno lile lile: niko salama, niko mahali fulani. Yeye ndiye atakayewaunganisha.

Halafu tazama zaidi ya mlango wako. Nani kwenye jengo hili hawezi kushuka ngazi peke yake? Nani hasikii king'ora? Mama gani ana watoto wachanga wawili na mikono miwili tu? Kila mmoja wao apangiwe majirani wawili, kwa kuwa mmoja anaweza kuwa safarini. Waulizeni wahusika wenyewe wanataka kubebwaje. Mtu anayetumia kiti cha magurudumu anajua kuliko wewe pa kumshika. Nani fundi umeme, nani muuguzi, nani ana ngazi ndefu au mtalimbo? Orodha hiyo huandikwa jioni moja, na kwangu mimi ina thamani kuliko begi lolote la dharura linalouzwa dukani.

Hatua ya 5: Damu na pumzi

Tafuta mafunzo ya huduma ya kwanza. Vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu huyatoa katika nchi nyingi. Mambo mawili yasisubiri mafunzo. Damu ikibubujika, bonyeza jeraha moja kwa moja kwa kitambaa safi, kwa nguvu zako zote, na usiachie ili kuchungulia. Mtu mzima akianguka, haitiki wala hapumui sawasawa, agiza mtu apige simu, weka viganja katikati ya kifua na ukandamize kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kikizama sentimita 5 hadi 6 na kikiachwa kiinuke kila mara. Endelea mpaka msaada ufike.

Hatua ya 6: Siku tatu bila bomba wala umeme

Sasa vitu. Anza na maji: lita 4 kwa kila mtu kwa siku, za kunywa na usafi mdogo, kwa siku tatu. Watu watano wanahitaji lita 60, yaani madumu matatu ya lita 20. Kwenye joto kali au kukiwa na mama anayenyonyesha, ongeza. Dumu lisiwe lililowahi kubeba mafuta au kemikali. Lioshwe, lifungwe vizuri, liandikwe tarehe, na maji yabadilishwe kila miezi sita.

Maji yakiwa na shaka, yachuje kwa kitambaa kisha yachemshe mpaka yatokote kwa dakika 1 kamili. Mkiishi juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, dakika 3. Kama hakuna moto, tumia dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato wala sabuni, yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 9: matone 2 kwa lita moja, koroga, subiri dakika 30. Kwa dumu la lita 20 ni matone 40, kama mililita 2. Maji yakibaki na ukungu hata baada ya kuchujwa, zidisha mara mbili. Ila fahamu kwamba kuchemsha na klorini huua vijidudu tu. Maji yaliyoingiwa na petroli au kemikali hayatengenezeki kwa njia hizi, yamwage.

Chakula kiwe kile mnachokula kila siku, kinacholika bila kupikwa sana. Ongeza kidogo kidogo kila mnaponunua, mtumie cha zamani kwanza. Umeme ukikatika, usifungue jokofu ovyo. Likibaki limefungwa huhifadhi ubaridi kwa saa 4 hivi. Friza iliyojaa hufika saa 48, iliyojaa nusu saa 24.

Mengine kwa ufupi: tochi na betri (mishumaa huanzisha moto mwingine), redio ndogo, pawabenki yenye chaji, dawa za wiki moja kwa mwenye maradhi ya kudumu, pedi, vifaa vya mtoto, filimbi, na viatu imara karibu na kitanda, kwani baada ya tetemeko sakafu hujaa vioo. Fedha taslimu kiasi, kwa noti ndogo. Mtandao ukianguka, salio la kwenye simu halinunui kitu. Hamadi kibindoni. Nakala za vitambulisho, hati na bima zifungwe kwenye mfuko usiopenya maji, na picha zake zihifadhiwe mahali pengine.

Choo husahaulika mpaka siku ya pili. Maji yakikatika kwenye jengo la ghorofa, ndoo yenye mfuniko, mifuko imara na sabuni ya mikono huzuia maradhi ya kuhara yanayoweza kuangusha jengo zima.

Kosa moja nawaomba msilifanye. Jiko la mkaa na jenereta haviingii ndani, hata madirisha yakiwa wazi, hata kwenye gereji. Hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayomlaza mtu asiamke. Jenereta likae angalau mita 6 kutoka kwenye nyumba, moshi ukielekea mbali na madirisha.

Maji yanapopanda na ardhi inapotikisika

Mafuriko hudanganya macho. Maji yanayokwenda kwa kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 huweza kulibeba gari dogo, na 60 huchukua magari mengi. Chini ya maji hayo huenda kuna shimo lililopoteza mfuniko au waya ulioanguka. Ukikuta barabara imefunikwa, geuza. Maji yakielekea kuingia ndani, kata umeme mapema ukiwa umesimama pakavu. Yakishafika kwenye swichi, usiiguse, panda juu.

Tetemeko likianza, usikimbilie nje. Wengi huumizwa na vioo, matofali na makabati yanayoanguka wakati wanakimbia. Inama, jikinge kichwa na shingo chini ya meza imara, uishike mpaka mtikisiko uishe. Makabati marefu yafungwe ukutani leo, na kitu kizito kisining'inie juu ya kitanda.

Hatua ya 7: Duka, ofisi, karakana

Mwenye biashara ana dhamana ya watu wasiolijua jengo lake. Mteja aliyeingia dakika tano zilizopita hajui mlango wa nyuma uko wapi.

Tarehe 25 Machi 1911, kiwanda cha nguo cha Triangle kiliungua New York. Wafanyakazi 146 walikufa, wengi wao wasichana wahamiaji. Kwenye ghorofa ya tisa, mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Zaidi ya miaka mia imepita, na bado kuna milango ya dharura inayofungwa kwa kufuli kwa kuogopa wizi. Kama unaogopa wizi, weka kengele inayolia mlango ukifunguliwa, au komeo linalosukumwa kwa ndani bila ufunguo. Mzigo uliowekwa mbele ya mlango huo ni sawa na kufuli. Mkabidhi mtu mmoja kwa jina kazi ya kuukagua kila asubuhi kabla wateja hawajaingia.

Pili, zoezi. Rick Rescorla alikuwa mkuu wa usalama wa kampuni ya fedha ya Morgan Stanley kwenye mnara wa kusini wa World Trade Center, minara pacha ya New York. Baada ya bomu lililolipuka hapo mwaka 1993 aliwalazimisha wafanyakazi wote, wakubwa kwa wadogo, waache kazi na washuke ngazi kwa mazoezi ya mara kwa mara. Tarehe 11 Septemba 2001, mnara wa jirani ulipogongwa na ndege, hakungoja. Aliwatoa watu wake. Karibu wote, zaidi ya 2,500, walisalimika. Yeye alirudi kuangalia waliobaki na hakutoka tena. Wewe huna mnara, lakini unaweza kufunga duka kwa dakika kumi mara mbili kwa mwaka mkatoka wote, mkahesabiana mahali pa kukutania. Daftari la walioko kazini litoke pamoja nanyi, vinginevyo hesabu hiyo ni ya kubahatisha.

Amueni mapema nani ana mamlaka ya kusema "tunafunga, tokeni". Asiwe bosi peke yake, maana bosi hayupo siku zote. Na anayesema hivyo kwa tahadhari iliyogeuka kuwa ya bure asikaripiwe. Ukimkaripia mara moja, siku ya kweli atasita.

Kumbukumbu za biashara ziwe na nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili tofauti, na moja ikae nje ya jengo. Madeni, orodha ya mali, mishahara, mikataba, namba za wauzaji. Nakala iliyo kwenye droo ile ile ya kompyuta itaungua na kompyuta. Mara moja kwa miezi mitatu jaribu kufungua nakala hizo, uone kama zinasomeka.

Soma mkataba wa bima, hasa sehemu ya yasiyolipwa. Mafuriko na matetemeko mara nyingi huhitaji nyongeza yake. Piga picha za bidhaa na mitambo kila baada ya muda. Bidhaa za thamani ziinuliwe kutoka sakafuni, na tafuta muuzaji wa pili asiyetegemea barabara moja na yule wa kwanza. Weka akiba ya mishahara ya wiki chache kama unaweza. Mfanyakazi ambaye nyumba yake imefurika hawezi kukusaidia kufungua duka, hivyo wasaidie wafanyakazi wako kufuata hatua sita za mwanzo majumbani mwao. Hiyo pia ni sehemu ya mpango wa biashara.

Baada ya janga, usiwashe umeme wa jengo lililoloa mpaka fundi aukague. Chomoa mashine kabla umeme haujarudi, kwa kuwa mara nyingi hurudi na msukosuko. Piga picha za uharibifu kabla ya kufagia, kwani bima itazidai.

Hatua ya 8: Fanyeni zoezi la kwanza usiku huu

Usisubiri madumu matatu yajae. Usiku huu, watoto wakiwa bado macho, zimeni taa zote. Kila mtu aanzie kitandani kwake, ainame, apapase mpaka mlangoni, afungue geti kwa ufunguo ulio mahali pake, afike mnapokutania. Mmoja ashike saa. Kisha rudini ndani na muandike kilichokwama: kufuli lililochukua muda, bibi aliyesahauliwa, kiti kilichomkwaza mtu kwenye korido. Rekebisheni kesho, na wiki ijayo mrudie, safari hii mlango mkuu ukihesabiwa kuwa unawaka.